Siku Niliyomchoma Mama Galal

Kwanza niseme wazi, mimi si mchawi. Watu wa nje ya Hara ya Zaafarani, mtaa wetu huu mwembamba, wakisikia habari zangu hukimbilia neno hilo, na linanikera mpaka kichwa kinaniuma. Mimi ni Inshirah, nilikuwa mshona nguo mpaka macho yaliponigomea, nasali sala zangu tano, na mtoto wa mtu akipatwa na homa isiyoeleweka, mama yake ananiletea gazeti. Nakata mwanasesere wa karatasi: kichwa, mikono, gauni. Nachukua sindano namtoboa, kila tundu na jina lake. Hili la jicho la fulani. Hili la jicho la fulani. Hili la jicho la kila aliyekuona akakusifu asimswalie Mtume. Kisha namchoma kwenye chetezo pamoja na ubani na kipande cha shabu, mtoto anafukizwa, basi, kijicho kimetoka. Bibi yangu alifanya, mama yangu alifanya. Hata daktari wa zahanati alishawahi kuja, ila yeye aliomba nimfukize mlango ukiwa umefungwa.

Rabab ni binti wa kaka yangu Fathallah, mwenye duka la halua kule Tanta. Alikuja kukaa kwangu hapa Kairo alipoingia chuo cha sanaa, na mimi, ambaye sikujaaliwa mtoto, nilimpokea kama niliyezawadiwa. Mwaka jana alifeli mtihani wa mwisho. Alikuwa ametengeneza kazi nzuri ya taa na karatasi ndani ya chumba cheusi, na walimu walipoingia tu, umeme ukakatika. Walisimama gizani robo saa wakikanyagana, wakaondoka. Fathallah akanipigia simu.

"Dada, akifeli tena namchukua. Kaunta ya duka inamsubiri."

Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikaenda jikoni nikalia kwa sababu ya vitunguu ambavyo sikuwa hata nimevimenya.

Mwaka huu Rabab akasema hataki tena mambo ya umeme, atafanya kazi na jua. Nyumba yetu ni ya zamani, ina ghorofa nne, na ngazi zake zinazunguka uwazi mmoja kutoka chini hadi juu. Paani pana tundu kubwa lenye nondo za chuma, ambalo kioo chake kilivunjika kabla sijaolewa na hakuna aliyekirudisha. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua linateremka kwenye tundu hilo moja kwa moja mpaka kwenye vigae vya chini. Rabab alipima kwa simu yake: linakaa dakika kumi na saba, halafu linakwenda zake.

Basi akachora watu wa hara yetu, mmoja mmoja, kwa wino mweusi kwenye karatasi nene. Akawakata kwa wembe. Kisha akachukua sindano zangu, bila kuniomba, akafuata mistari ya sura zao tundu kwa tundu: nyusi, mikunjo, meno yaliyopungua. Watu sitini na watatu. Akawaning'iniza kwa nyuzi katikati ya ngazi, kila mtu kwa kimo cha ghorofa anayokaa.

Sasa wewe niambie. Katika hara ambayo kila mtu anajua maana ya mwanasesere wa karatasi aliyetobolewa, na kila mtu anajua ni nyumba gani wanakotobolewa, unafikiri nini kilitokea?

Aliyetangulia ni Hajji Shauki, mpiga pasi wa pale chini. Alipanda ngazi akihema, akajiona, akashika ukuta.

"Bi Inshirah! Mimi na wewe tumeishi kwa wema miaka arobaini! Nimekukosea nini?"

"Si mimi, Hajji. Ni masomo ya mtoto."

"Masomo? Angalia tumbo langu! Matundu mia mbili tumboni peke yake! Nami nasema tangu Jumatatu gesi haziniishi, kumbe!"

"Ami Shauki," Rabab akamwambia kutoka juu ya ngazi, "matundu ni mengi kwa sababu tumbo ni kubwa. Sikuwa na namna."

Mpaka saa tano hara nzima ilikuwa ndani ya nyumba, kila mtu anatafuta karatasi yake na kuuliza ni nani aliyemshitaki kwa kijicho. Matusi niliyotupiwa siku hiyo sitayarudia hapa. Jirani mmoja alikuwa ameshakuja na mkasi wa kuku akate uzi wake ajichukue aende zake. Nikasimama mlangoni na ufagio, nikaapa atakayegusa uzi nitamwonyesha. Tukawa tunavutana hivyohivyo ndipo jua likaingia.

Mkasi wa kuku ukashuka. Kwenye ukuta wa ngazi, kila mtu akajiona: kivuli chake, na ndani ya kivuli sura yake iliyochorwa kwa chembe za mwanga. Hajji Shauki alikuwa anang'aa tumbo zima. Akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Mashallah. Kumbe ndivyo nilivyo."

Kuanzia hapo ugomvi ukageuka. Sasa kila mtu anauliza kwa nini fulani yuko juu kuliko yeye. Na aliyekuwa juu kuliko wote, karibu kabisa na tundu, ni Mama Galal, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa paani na bata wake. Jamani, kiburi alichopata! Alipita kila mlango kutangaza. Akawapigia simu dada zake wawili wa mtaa wa Shubra waje Alhamisi, siku ya mtihani, wamwone alivyowekwa.

Mimi nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni sikuwa na amani. Mwanasesere aliyetobolewa lazima achomwe. Usipomchoma umeacha kazi nusu: jicho umeliita kwa jina, kisha umelikaribisha nyumbani likae. Nasi tulikuwa na macho sitini na matatu yananing'inia juu ya kichwa cha mtoto wangu. Nilinyamaza kwa ajili yake tu.

Jumatano jioni Mama Galal alishuka kuomba kitunguu saumu. Alisimama mlangoni, akamtazama Rabab kuanzia juu hadi chini, akasema, "Msichana mzuri, na mikono yake ina akili." Akanyamaza. Nikasubiri. Hakusema mashallah, hakumswalia Mtume, hakusema lolote. Alichukua kitunguu saumu chake akapanda zake juu.

Alfajiri Rabab akaamka anatetemeka, mwili moto kama tanuri. Walimu walikuwa wanakuja saa sita kasorobo.

Nyinyi mngefanya nini? Nilimpa dawa ya homa, msinione mjinga, nikamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Kisha nikachukua gazeti nikate mwanasesere, nikasita. Kwa nini nikate kikaragosi kisicho na uso wakati Mama Galal mwenyewe ananing'inia pale nje, ameshatobolewa, tena kafanana mpaka kipaku cha kidevuni? Nikapanda ngazi na soksi. Nikakata uzi. Nikamchoma.

Na shabu ilitoka! Anayejua anajua: shabu ikiungua huvimba ikachukua umbo la mwenye jicho. Nilipoigeuza kwa koleo nikaona kichwa, nikaona mdomo bapa. Bata. Bata kabisa, wala hapakuhitaji kutafsiriwa. Nikamzungushia Rabab moshi juu ya kichwa mara saba, nikalala mkekani pembeni yake. Saa tatu asubuhi aliamka hana homa, anataka maharage na mayai.

Saa tano na nusu Mama Galal akashuka na dada zake, wamevaa kama wanakwenda harusini.

"Tazameni juu kabisa," akawaambia. "Huyo wa kwanza chini ya tundu."

Dada zake wakatazama. "Hapana mtu."

"Mna macho nyinyi? Juu!"

Akatazama mwenyewe. Uzi mmoja mfupi ulikuwa unapepea. Rabab akatoka na kipande cha mkate mkononi, akahesabu, akahesabu tena, akanigeukia. Mimi nilikuwa napanga viatu vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Shangazi. Mama Galal yuko wapi?"

"Si huyo hapo?"

"Shangazi!"

Dada mmoja wa Mama Galal, mwenye pua kama ya afisa wa forodha, akanusa ubani. Akaingia kwangu bila hodi, akarudi na chetezo. Ndani ya majivu kilikuwa kimebaki kipande kidogo cha karatasi nene kisichoungua: kidevu, na kipaku chake.

Nilijiandaa kwa kelele. Ningezimudu, kwa kelele mimi sina mpinzani. Lakini Mama Galal hakupiga kelele. Uso wake ulisinyaa tu, akageuka, akapanda ngazi taratibu ameshika ukuta. Baada ya muda tukasikia kitu kizito kinaburutwa paani. Na ngazi zikawa giza.

Alikuwa ametandika zulia lake la wageni juu ya tundu.

Rabab hakunitukana. Bora angenitukana. Alikaa kwenye ngazi, akaweka mkate chini, akasema, "Basi, Tanta." Mara kengele ikalia, na walimu watatu wakaingia na mafaili yao. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, Daktari Buthaina, daktari wa vitabu. Akainua uso, akaona giza na karatasi sitini na mbili.

"Umeme tena?" akauliza.

"Hapana, Daktari," Rabab akasema. "Mwaka huu ni jirani."

Nikapanda. Magoti yangu haya, ghorofa nne, na kila ngazi najiambia: omba radhi, Inshirah, meza ulimi wako, omba radhi tu. Nikafika paani. Mama Galal alikuwa amekaa katikati ya zulia amekunja miguu, bata wamemzunguka.

"Toka hapo," nikasema. Ndiyo. Hiyo ndiyo radhi niliyoiomba.

"Zulia langu."

"Tundu si lako."

"Nimelikalia, limekuwa langu. Sema ulichofanya. Sema kwa mdomo wako."

"Nilikuchoma."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Mtoto aliamka na homa. Na shabu ilitoka bata!"

Akawatazama bata wake kana kwamba mmoja wao ametoa siri. "Bata yupi?"

"Bata ni bata, Mama Galal! Mimi najua majina yao?"

Nilingoja aape kwa Kurani na kwa kaburi la mumewe kwamba nimemsingizia. Hakuapa. Alishika ushungi wake akapangusa jasho la shingo.

"Ni kweli," akasema.

"Nini kweli?"

"Nilimtazama. Kwa makusudi. Neno la mashallah lilikuwa hapa mdomoni, nikalimeza." Akawa haniangalii. "Galal yuko Kuwait mwaka wa kumi na mbili. Kila Ijumaa ananipigia simu. Mama hujambo? Sijambo. Unahitaji chochote? Sihitaji. Imekwisha. Ana adabu mpaka anachosha. Na wewe una mtu anakugombeza kuanzia alfajiri. Shangazi vaa soksi. Shangazi umekunywa dawa? Shangazi acha hiyo chumvi! Namsikia kutoka hapa juu. Jana nimeshuka namkuta amepiga magoti anakukata kucha za miguu. Nikasema moyoni, kwa nini Inshirah? Mimi ndiye niliyezaa." Akapiga zulia kwa kiganja. "Akirudi Tanta tutakuwa sawa, wewe na mimi. Haya, nimesema. Kanichome tena."

Nilitaka kumzaba kofi. Wallahi, mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka. Na chini nasikia mwalimu mmoja anakohoa, na jua liko pale juu ya kichwa limefika, zile dakika kumi na saba zimeanza, na mwanamke huyu amekaa juu yake na bata sita. Badala ya kofi, nikakaa chini, kwenye ncha ya zulia. Na maneno yaliyonitoka sikuyapanga.

"Siku Galal alipozaliwa nilikuletea supu ya njiwa."

"Nakumbuka. Haikuwa na chumvi."

"Nilimtazama yale mapaja yake manono. Sikumswalia Mtume. Nilikuwa nimetoka kwa daktari wiki ile, ameniambia nisisumbuke tena kungoja mtoto. Galal akashikwa na homa siku saba, ukaniita nije kukata karatasi. Nilikuja. Nikatoboa majina ya hara nzima, mpaka la imamu." Nikachomoa uzi wa zulia. "Langu sikulitoboa."

Bata mmoja alinipanda pajani. Mama Galal akamsukuma kando.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Inshirah, shoga yangu, nilikuwa nakuhesabia. Ulipoondoka nikakata karatasi yangu mwenyewe, nikakutoboa wewe tu, kuanzia kichwani mpaka vidole. Mtoto akapona jioni ileile."

Miaka thelathini na minne! Miaka thelathini na minne mwanamke huyu anakula mezani kwangu, anajua, na anaomba kitunguu saumu! Nilianza kucheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Yeye naye akashikwa, akawa anacheka huku ananipiga bega.

"Dakika ngapi zimebaki?" akauliza akifuta macho.

"Tisa. Labda kumi."

"Nipe hilo gazeti chini ya bata."

Lilikuwa ukurasa wa michezo, lina mavi kidogo pembeni, tukapararua. Mkasi wake wa samaki ndio tulioutumia. Mimi nikakata: kichwa, mikono, gauni, kwa pupa, mkono mmoja ukatoka mrefu. Yeye akachomoa pini ya ushungi wake, akatoboa akisema, "Hili la jicho la Inshirah." Nikampokonya pini. "Hili la jicho la Mama Galal." Akanipokonya. Tukaenda hivyo, yeye mara, mimi mara, haraka kama watu wanaochambua majani ya mlokhia wageni wakiwa mlangoni, jicho lako, jicho langu, mpaka karatasi ikawa haina mahali pa kutoboa. Kisha tukaishika ncha ya zulia, tukavuta pamoja, bata wakaruka kila upande, mmoja juu ya nondo za tundu.

Jua likaporomoka chini. Tukasikia kutoka chini sauti moja, ya wale walimu watatu na hara nzima iliyokuwa imeshajazana ngazini: "Aaah." Mama Galal akafunga kile kikaragosi kwa uzi akakiteremsha mahali pake, wa kwanza chini ya tundu.

Niliposhuka, Daktari Buthaina alikuwa anazunguka na kalamu mdomoni. Hajji Shauki alikuwa amesimama pembeni ya tumbo lake linalong'aa, amebana pumzi ili matumbo mawili yasizidiane. Daktari akaonyesha juu, kwenye kivuli chenye mkono mmoja mrefu na mwanga mwingi kuliko mwili.

"Na huyu? Huyu hafanani na wengine."

Rabab akatazama. Mkono wangu anaujua. Nikamkonyeza aseme ni wake, maana mtihani ni mtihani.

"Huyo si wangu, Daktari," akasema. "Huyo ni wa shangazi yangu. Ndiye niliyejifunza kwake kutoboa karatasi."

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua Daktari alikuwa mbele yangu. Aliangalia kama wenzake wanasikia, akainama.

"Bi Inshirah," akaninong'oneza, "kichwa kinaniuma tangu nipandishwe cheo. Kuna mwenzangu mmoja ofisini, jina lake..."

"Usiniambie hapa," nikamwambia. "Njoo Jumamosi. Uje na gazeti."

Rabab alipewa "vizuri sana". Si "bora kabisa", kwa kuwa mwalimu mmoja alidai kunyewa na bata begani ni kasoro ya mpangilio wa kazi. Kwa Fathallah nilipiga simu mwenyewe, nikamwambia atafute mtu mwingine wa kaunta. Rabab hakunisemesha mpaka jioni. Jioni akaniambia, "Shangazi, ukichoma tena kazi yangu nahamia kwa Mama Galal." Nikamwambia simzuii, ila bata watamla.

Asubuhi ya Ijumaa akachukua sinia ya chai akampandishia Mama Galal paani, kumwomba radhi kwa niaba yangu, alisema. Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Nikasikia kijiko kinagonga bilauri, mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha sauti ya Rabab ikapanda:

"Vijiko vitatu vya sukari? Na kisukari chako? Wewe mama una akili kweli? Lete hapa hiyo bilauri! Na hizo ndara zako zimekatika, unataka uanguke ngazini? Vua nizione!"

Ndara zikaanguka sakafuni. Halafu Mama Galal akaegemea kwenye tundu, akaita chini kwa nguvu zake zote, hara nzima isikie.

"Inshirah! Inshirah, umesikia? Ananigombeza!"

"Nimesikia," nikamjibu. "Mashallah."